Mfuko mmoja, daftari tatu

Nashona nguo Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, na sasa ni mmoja wa watu watatu wanaoshika hela ya dharura ya makundi matatu ambayo, tuseme ukweli, hayapendani sana. Kuna letu la akina dada wa Moshi, wanawake tunaopenda wanawake. Kuna la akina kaka wa Arusha, wanaume wanaopenda wanaume, wengi wao watu wa utalii: wapishi wa mlimani, wagumu (wabeba mizigo), wahudumu wa hoteli. Na kuna la wanawake transi, wale waliozaliwa wakaitwa wavulana na wanaishi kama wanawake, ambao wapo miji yote miwili na ndio wachache kuliko wote. Naandika haya kwa sababu wenzetu wa miji mingine wananiuliza tunafanyaje, na nimechoka kurekodi sauti ndefu usiku wakati cherehani inanisubiri.

Kwanza, ondoeni wazo la kwamba lazima mpatane ndipo msaidiane. Mkisubiri hapo mtazikana mkiwa mmenuniana. Kaka walikuwa wanasema wanawake transi "wanatuletea macho". Wanawake transi wakawajibu kwamba wao wenye wake na watoto wanajificha nyuma ya ndoa na kuwaacha wengine wapigwe. Sisi akina dada tulinuna kwa sababu hela za wafadhili kwa miaka mingi zimefuata UKIMWI, na mwanamke anayempenda mwanamke haonekani kwenye hesabu za UKIMWI, basi hata nauli ya kikao hapewi. Malalamiko yote hayo yana ukweli ndani yake, na mpaka leo hayajaisha. Tulichofanya ni kuyatoa kwenye kikao cha hela. Kikao cha hela kinazungumzia hela. Ugomvi una siku yake, na huwa tunaufanyia Arusha, maana huko ndiko waliko wenye maneno mengi.

Hela isitoke mlango mmoja

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa Arusha. Haikuchukua muda watalii wakakatika. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, na hata anga lilipofunguliwa tarehe 18 Mei wageni hawakurudi kesho yake. Mlimani hapandi mtu, hotelini halali mtu. Wakati huo kaka wa Arusha walikuwa na mfuko wao peke yao, mnono kuliko wetu. Ulikauka haraka, kwa sababu karibu kila mchangiaji alikuwa anakula mlimani au mbugani: siku aliyoacha kuchangia ndiyo siku aliyoanza kuomba. Sisi wa Moshi tulikuwa na vijisenti, lakini vilitoka kwa fundi cherehani, muuza ndizi wa Kiboriloni, mwalimu, dada wa saluni, na mmoja mwenye bodaboda mbili za mkataba. Mimi mwaka ule barakoa za kitambaa ndizo zilizonilisha, na zilizolisha watu wengine wasiojua nani alishona.

Januari 2025 hadithi ikarudi kwa sura nyingine. Tarehe 20 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na siku chache baadaye kazi zilizokuwa zinalipwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, zikaambiwa zisimame. Ruhusa maalumu iliyotolewa mwanzoni mwa Februari iliacha dawa za kufubaza VVU ziendelee, lakini PrEP, ile dawa ya kujikinga, ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Huku kwetu waelimishaji rika tuliowazoea wakakaa bila posho, na wao ndio waliokuwa wanajua nani yuko wapi na nani amekatisha dozi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la kalamu. Kila mchangiaji aseme hela yake inatoka wapi: utalii, mradi, biashara, mshahara, shamba. Majina hayahitajiki hapo, vyanzo tu. Mkiona zaidi ya nusu yenu mnakula sehemu moja, tafuteni kundi linalokula kwingine muungane nalo, hata kama hamsalimiani vizuri. Sisi tuliungana kwa sababu hiyo, wala si kwa mapenzi.

Kushika hela bila kujianika

Mchango wetu ni shilingi 2,000 kwa wiki. Mwenye zaidi aongeze, asiye nacho apite, na asiulizwe mbele za watu.

Mshika hela awe mtu ambaye kazi yake ya kila siku inapokea hela ndogondogo kutoka kwa watu wengi. Fundi, mama ntilie, mwenye genge, mwenye duka la vifaa vya simu. Mimi kuingiziwa elfu mbili mbili na watu tofauti si habari kwa wakala wala kwa mume wa jirani. Mwalimu akiingiziwa hivyo, watu wataanza kuhesabu. Kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama za vidole, na jina linatokea kwenye muamala, kwa hiyo usidhani laini uliyosajiliwa na mtu mwingine inakuficha. Inamweka huyo mtu mbele ya moto wako, basi. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Kuna watu walikuta laini wasizozijua.

Mkitoa msaada, tumeni na ya kutolea. Linaonekana jambo dogo, lakini mtu aliyefukuzwa nyumba akipokea hela pungufu ya makato anaanza kukopa siku hiyo hiyo.

Daftari langu limeandikwa lugha ya kazi yangu: zipu, kupunguza suruali, sare, kubadilisha lastiki. Kila neno lina maana yake kwangu na kwa mwenzangu mmoja. Daftari la Arusha lina lugha yake na sijui kulisoma, na ndivyo inavyotakiwa.

Jambo moja la sheria hapa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kukopeshana kama vicoba vinatakiwa kusajiliwa. Sisi hatukopeshani na hakuna riba. Ni mchango kama wa msiba: umetoa, umetoa.

Unganisheni hela, msiunganishe majina

Hapa ndipo tulipobishana kuliko kwingine kote, na hapa ndipo sitalegeza.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza msako wa wanaoshukiwa kuwa mashoga na kuwataka wananchi wamtumie majina yao. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake, si msimamo wa serikali. Lakini kati ya tangazo na kanusho watu walishahama vyumba, wengine walishapanda basi kuja huku kaskazini kwa shangazi zao. Jambo lililowatisha lilikuwa orodha. Nani anayo, nani amenipiga picha kwenye semina, niliweka sahihi wapi.

Basi makundi matatu yanapoungana, kishawishi cha kwanza ni kutengeneza daftari moja la wanachama ili "tujuane". Msijuane. Kila kundi lina mshika hela mmoja, na washika hela watatu ndio wanaojuana. Mtu akipata shida anakwenda kwa mshika hela wa kundi lake, na huyo ananipigia mimi. Simu zetu huwa hivi:

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?"

"Nina mtu. Chumba cha wiki mbili, na dawa zake zimebaki za siku nne."

"Anaweza kukaa nyumba yenye watoto?"

"Anaweza."

"Nitakupigia jioni."

Sijaambiwa jina, sijatumiwa picha, sijui alifanya nini hadi akafukuzwa. Ninachohitaji kukijua nimekijua.

Dada mmoja wa kwetu, mhasibu kwa roho ingawa si kwa cheti, alipinga sana: "Tutajuaje kama huyo mtu yupo? Akitunga je?" Swali la haki. Jibu letu ni kwamba kila baada ya miezi mitatu washika hela tunakutana ana kwa ana, kila mmoja na daftari lake, na tunasomeana kwa mdomo: kiasi gani kilitoka, kwa shida ya aina gani, iliishaje. Mshika hela ambaye shida zake haziishi kamwe anaulizwa, na kundi lake linaweza kumbadilisha. Zaidi ya hapo tumekubali kwamba siku moja tutadanganywa shilingi elfu hamsini. Elfu hamsini inarudi kwa wiki chache za michango. Jina likishatoka halirudi.

Nani anapewa kwanza

Liamueni kabla ya shida, mkiwa mmeshiba. Kwetu dawa ni ya kwanza, mahali pa kulala pa pili, mtu aliye mahabusu wa tatu, halafu chakula. Kodi ya nyumba ni ya mwisho, na hapo watu hunikasirikia. Lakini wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ukimlipia mtu mmoja miezi sita umefunga mlango kwa watu wengine watano. Tunalipa godoro kwa mwenzetu, mkaa na unga, mpaka mhusika apate kibarua.

Halafu kuna ushauri ambao kila mtu mwema anautoa: "Mrudisheni nyumbani kwao." Muulizeni kwanza aliondokaje. Nyumbani Rombo au Karatu kunaweza kuwa ndiko alikopigiwa.

Wanaosahaulika kwenye hii foleni ni wazazi wa watoto waliozaliwa na jinsi tata, yaani maumbile yasiyo ya kiume au ya kike moja kwa moja. Hawaji kwenye vikao vyetu, hawajioni kuwa wa kundi lolote, na herufi zote za LGBTIQ, kifupi cha Kiingereza cha watu kama sisi, haziwaambii kitu. Tulimjua mama mmoja kwa sababu alikuja kushonesha sare, akashindwa kuamua kati ya sketi na kaptula, akakaa kwenye benchi langu akalia. Alichohitaji ni nauli ya kliniki hospitali ya KCMC na mtu wa kumsindikiza ambaye hangeshangaa, na mtu wa kumwambia asikubali kuharakishwa kuhusu upasuaji wa mtoto asiyeumwa. Mfuko ulimpa hivyo viwili vya kwanza, na la tatu nilimwambia mimi. Wekeni fungu dogo la watu wasio wa kundi lolote, bila masharti ya uanachama.

Kliniki

Dawa za kufubaza VVU hutolewa bure kwenye kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba, za hospitali za serikali, kama Mawenzi hapa Moshi au Mount Meru kule Arusha, na hutakiwi kueleza unalala na nani ili uzipate. Anayehama ghafla abebe kadi yake ya CTC kuliko anavyobeba nguo. Kama hawezi kurudi kuichukua, picha ya kadi na ya kopo la dawa iwe kwenye simu ya mtu mmoja anayemwamini. Mgonjwa aliyetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita, kwa hiyo wenzenu waombe hivyo wakati hali ni shwari, wasingoje. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalazimisha usiri wa majibu. Kuitaja kwa upole dirishani husaidia, kwa ukali haisaidii.

Waelimishaji rika walipokaa bila posho, sisi akina dada tukapata kazi ambayo hakuna mfadhili aliyewahi kutupangia. Kijana wa Arusha akienda kliniki peke yake akiwa na hofu, anasimama nje ya geti anarudi. Akienda na mimi, ni mtoto wa dada yangu. Nesi ananiambia, "Mama, mwambie kijana wako asikae na njaa," nami naitikia, "Amesikia, mwanangu." Tukitoka tunakunywa mtori, yeye ananisimulia mpenzi wake, mimi namsimulia wangu. Kwa kweli hapo ndipo kinyongo changu na kaka wa Arusha kilipopungua kidogo. Kidogo. Wao nao wakawa wanakuja kusimama kama wachumba kwenye send-off za ukoo wetu, shangazi wakaridhika, tukapumua mwaka mzima.

Akikamatwa mtu

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la kuingiliana kinyume na maumbile, na adhabu yake ni nzito: kuanzia miaka 30 hadi maisha. Hakiadhibu mwendo wa mtu, nywele zake wala anavyojiita. Ndiyo maana mara nyingi mtu hushikwa kwa uzembe na uzururaji. Mwenzenu ajue tofauti hiyo kabla hajaanza kujieleza kituoni, kwa sababu maelezo mengi yanayotumika dhidi ya mtu ni yale aliyoyatoa mwenyewe akidhani anajitetea. Atoe jina na anapoishi. Mengine angoje wakili. Asisaini asichokisoma.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, na inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Dhamana ya polisi hailipiwi. Kama kuna anayetaka kumpeleka hospitali kupimwa sehemu ya haja kubwa ili "ithibitike", ajue kwamba Chama cha Madaktari Duniani mwaka 2017 kiliwataka madaktari waache kipimo hicho, maana hakithibitishi chochote, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya mateso wanakipinga. Asitoe ridhaa, na wakili aambiwe mara moja.

Nani anakwenda kituoni? Asiende rafiki mwenye sura ya kundi, na msiende wanne. Aende mtu mzima mmoja, mwenye kitambulisho, mwenye kujua kusubiri. Sisi tuna mzee wa kanisani, mjomba wa mmoja wa kaka, ambaye anajua kila kitu na hasemi chochote. Anaingia na sahani ya chakula, anaamkiwa shikamoo na nusu ya askari, anauliza utaratibu wa dhamana. Tafuteni wa kwenu mapema. Tafuteni pia msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Mwendeeni kwanza kwa kesi ya shamba au mirathi muone anavyowatendea watu.

Kupokea mgeni

Mjumbe wa nyumba kumi ataona sura mpya hata kama unadhani hataona. Mwambieni kabla hajauliza. Kwangu ni rahisi, kila mgeni ni mwanafunzi wa ushonaji, na anashona kweli, maana kitambaa cha kujifunzia hakikosekani. Mwenye saluni ana wasusi, mwenye genge ana msaidizi. Mwenyeji asiye na kisingizio cha kazi asipewe mgeni, hata akijitolea kwa machozi.

Wiki mbili, halafu tunakaa chini mwenyeji, mgeni na mshika hela. Mfuko unanunua mkaa, sabuni na unga wa nyumba nzima, si wa mgeni peke yake, la sivyo kuna siku mwenyeji atahesabu vijiko vya sukari. Na kwa mgeni mwanamke transi, ulizeni mapema kuhusu bafu la nje la kuchangia na anavyotaka kuitwa mbele ya majirani. Kuna wanaopendelea kuvaa suruali wiki mbili wapite salama, na kuna ambao hiyo suruali yenyewe ndiyo inayowaumiza roho. Aamue yeye.

Mfadhili akija

Wakati wa shida huja wafadhili wadogo wa haraka, na huja na fomu: jina kamili, namba ya simu, sahihi, picha ya mtu akipokea unga. Kataeni picha. Kuhusu fomu, jadilianeni; wengi hulegea ukiwaonyesha risiti za duka, idadi ya watu bila majina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayoziweka taarifa za afya na za maisha ya kimapenzi kwenye fungu la taarifa nyeti. Asiyelegea mwacheni aende. Tumeacha hela hivyo, na kaka wa Arusha waliguna wiki nzima.

Hela ya mfadhili ikiingia, msisimamishe ile 2,000. Watu wataomba isimame. Hiyo ndogo ndiyo itakayokuwepo barua pepe ya kusitisha mradi ikifika.

Mshika hela naye abadilishwe kila mwaka au miwili, maana simu za usiku zinachosha na uaminifu wa mtu aliyechoka hupungua makali. Makabidhiano ni hesabu mbele ya washika hela wote watatu, kisha daftari la zamani linaingia kwenye jiko la mkaa siku hiyo hiyo. Zamu yangu inaisha mwakani. Anayenipokea ni muuza ndizi wa Kiboriloni, na ameshatangaza kwamba akikaa tu, mchango unapanda hadi 3,000. Kaka wa Arusha hawajaambiwa bado.